Koh Samui: Mwezi Kwanza, Upande wa Kisiwa Pili, Hoteli Baadaye

Tangu mwaka 2025, iliporushwa tamthilia ya televisheni ya Kimarekani ambayo sehemu yake ilipigwa picha katika kisiwa cha Koh Samui nchini Thailand, jina la kisiwa hicho limetoka kwenye vipeperushi vya mawakala wa safari na kuingia katika mazungumzo ya kawaida, hasa ya watu wanaopanga fungate au likizo ya mwaka. Pamoja na jina hilo umekuja mkanganyiko. Mtu anaona tangazo la risoti ya ufukweni kwa bei ya gesti ya mjini, kisha anaona jingine lenye maneno yaleyale kwa bei iliyozidi mara thelathini, na hajui amwamini nani. Mwingine ameambiwa kuwa Novemba ndio mwezi mzuri wa kwenda kwenye visiwa vya Thailand, analipia wiki nzima, na anafika na kukuta bendera nyekundu zimesimamishwa ufukweni na mvua haikatiki. Wapo pia wanaoghairi safari kabisa kwa kuamini kwamba kisiwa chote ni muziki wa usiku kucha, au kwamba Mwislamu hawezi kupata chakula halali huko.

Karibu kila moja ya matatizo haya linatokana na kuanza kuchagua kutoka mwisho. Watu huanza na picha ya chumba na bwawa, wakati katika Koh Samui kinachoamua kama utapumzika au utahangaika ni mwezi unaokwenda, kisha upande wa kisiwa unaolala, na hoteli yenyewe inakuja nafasi ya tatu.

Tuanze na mahali penyewe. Koh Samui, ambacho huandikwa pia Ko Samui, kiko katika Ghuba ya Thailand, upande wa mashariki wa rasi nyembamba inayoshuka kutoka Bangkok kuelekea Malaysia, na kiutawala ni wilaya ya mkoa wa Surat Thani. Kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 228. Katikati ni milima yenye msitu, na kilele chake, Khao Pom, kinapita mita 600. Pembezoni ni ukanda mwembamba wa tambarare wenye minazi, vijiji na hoteli. Barabara kuu ni moja, namba 4169, nayo inakizunguka kisiwa kwa takriban kilomita 50. Hadi miaka ya 1970, walipoanza kufika wasafiri wa mabegi mgongoni, watu wa hapa waliishi kwa nazi na uvuvi. Uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 1989. Jirani zake wa kaskazini ni Koh Phangan na Koh Tao. Phuket, Phi Phi, Krabi na Koh Lanta haviko karibu hata kidogo: viko ng'ambo ya pili ya rasi, katika Bahari ya Andaman, na tofauti hiyo ya bahari mbili ndiyo mzizi wa kutoelewana kuhusu hali ya hewa.

Kaskazi ileile, mvua tofauti

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana faida hapa, kwa sababu pepo zinazotawala Koh Samui ni za mfumo uleule anaoujua kwa majina ya kaskazi na kusi. Bara la Asia linapopoa katika majira ya baridi, hewa nzito husukumwa kutoka huko kuelekea bahari zenye joto. Tawi moja la mfumo huo huvuka Bahari ya Hindi na kufika Lamu, Mombasa na Unguja kama kaskazi, upepo ambao tumezoea kuuhusisha na jua kali kuanzia Desemba hadi Machi. Tawi jingine hushuka kupitia Bahari ya Kusini ya China na kuingia Ghuba ya Thailand. Huko upepo husafiri mwendo mrefu juu ya maji ya vuguvugu, hubeba mvuke mwingi, na kizuizi cha kwanza unachokutana nacho ni milima ya visiwa kama Samui na ile ya rasi iliyo nyuma yake. Hewa inapopandishwa na milima hupoa, na mvuke wake hushuka ukiwa mvua. Hiyo ndiyo sababu Oktoba, Novemba na Desemba ni miezi ya mvua kubwa Samui, na Novemba ndio kilele chake.

Kusi hufanya kinyume. Kati ya Mei na Oktoba upepo wa kusini-magharibi huingia Thailand kupitia Bahari ya Andaman na kumwaga mvua yake Ranong, Phuket na Krabi, huku Samui ikikingwa na milima ya rasi. Mvua za Samui katika miezi hiyo zipo, lakini mara nyingi ni za muda mfupi, na bahari ya upande wa mashariki hutulia kiasi cha kumfaa mtoto anayejifunza kuogelea. Kwa hiyo usemi unaorudiwa kila mahali, kwamba msimu mzuri wa visiwa vya Thailand ni Novemba hadi Aprili, ni kweli kwa Phuket na Krabi, na ni ushauri mbaya kwa mtu anayekwenda Samui mwezi Novemba. Anayepata likizo Juni, Julai au Agosti, kama ilivyo kwa walimu na wazazi wengi, anafaa kuelekea Ghuba badala ya Andaman. Februari, Machi na Aprili ndiyo miezi mikavu zaidi ya Samui, na Aprili joto lake ni kali.

Ni haki kuongeza kwamba kalenda hii huvunjika mara mojamoja. Mwishoni mwa Machi 2011, mwezi unaohesabiwa kuwa wa kiangazi, mafuriko yaliikumba Samui na visiwa vya jirani, safari za ndege zikakatizwa, na jeshi la majini likatuma meli kuwaondoa watalii waliokwama Koh Tao. Januari 2019 kimbunga Pabuk kilipita katika Ghuba hiyo na kusimamisha boti na ndege. Kwa hiyo ni busara kuchagua nafasi inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata pale ambapo malipo yasiyorejeshwa yana nafuu kidogo.

Kuna jambo la bei ambalo wengi hulikosa. Wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo ghali kuliko zote Samui, ingawa mawimbi ya kaskazi bado hayajatulia. Hoteli nyingi kubwa huongeza chakula cha jioni cha lazima tarehe 24 au 31 Desemba, ambacho mgeni hulipia apende asipende, na maelezo yake huwa chini kabisa ya masharti ya nafasi.

Pande za kisiwa

Chaweng, upande wa mashariki, ndio ufukwe mrefu na maarufu kuliko wote: mchanga mweupe laini, maji ya kuogelea, na nyuma yake barabara ya maduka, mikahawa na baa inayokesha. Aliyelala katikati ya Chaweng akalalamika kwamba Samui ni kelele amesema kweli kuhusu Chaweng. Kelele hiyo hupungua kadiri unavyokwenda kusini, hadi kwenye ghuba ndogo ya Chaweng Noi, ambako milima inaikaribia bahari na hoteli ni chache. Lamai, kusini zaidi, ina tabia kama hiyo kwa kiwango cha chini, na gharama zake kwa kawaida ni nafuu. Fukwe zote hizi zinatazama mashariki, kwa hiyo zinapigwa moja kwa moja na kaskazi kuanzia Novemba hadi Januari, na ni hapo bendera nyekundu husimamishwa kwa sababu ya mikondo inayovuta waogeleaji kwenda kilindini. Bendera hiyo inamaanisha usiingie majini kabisa, hata kwa kuchovya miguu ukiwa umeshika mkono wa mtoto.

Pwani ya kaskazini ndiyo ningempendekezea mtu anayetaka kupumzika bila kujitenga. Maenam ina mchanga wa rangi ya dhahabu, wa chenga kubwa kidogo, na minazi bado imesimama hadi karibu na maji. Vibanda vya bei nafuu na hoteli za gharama vinapakana, na jioni ni tulivu. Bophut, jirani yake, ina mtaa wa zamani wa wavuvi na wafanyabiashara wenye asili ya China, wenye nyumba za mbao zilizobanana ambazo leo ni mikahawa na vyumba vya wageni. Siku ya Ijumaa mtaa huo hufungwa kwa magari na kuwa soko la usiku, kwa hiyo aliyepanga chumba kinachotazama mtaa ajue kwamba usiku huo atalala kwa kuchelewa. Bang Rak ina gati la boti za kwenda Phangan na ile sanamu kubwa ya Buddha, na ndege hupita juu yake zikitua. Choeng Mon, pembeni mwa kaskazini-mashariki, ni ghuba ndogo inayopendwa na familia.

Kusini na magharibi ni Samui nyingine. Hua Thanon ni kijiji cha wavuvi Waislamu. Laem Set, Taling Ngam na Lipa Noi zina nafasi kubwa na watu wachache, na pwani ya magharibi ina machweo ya jua upande wa visiwa vya Hifadhi ya Bahari ya Ang Thong, ambavyo ni 42. Kaskazi inapopiga mashariki, upande huu huwa umekingwa na milima. Bei ya utulivu huo ni umbali: mikahawa ni michache, na kila safari ya kwenda mjini ni nusu saa au zaidi barabarani.

Umbali huo si jambo dogo, kwa kuwa usafiri wa umma ni songthaew, yaani pikapu zenye mabenchi mawili nyuma, ambazo mchana hupita barabara kuu kwa nauli ndogo na usiku hugeuka kuwa za kukodi kwa bei ya kupatana. Wageni wengi hukodi pikipiki. Thailand ni miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya barabarani duniani, sehemu kubwa ikiwa ni vya waendesha pikipiki, na bima nyingi za safari hukataa kulipa ikiwa aliyeendesha hakuwa na leseni ya pikipiki inayotambulika huko au hakuvaa kofia ngumu. Mtu asiyeendesha pikipiki nyumbani hana sababu ya kuanzia kwenye vilima vya Samui. Achague mahali ambapo chakula na ufukwe vinafikika kwa miguu.

Maji ambayo picha hazionyeshi

Picha za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Tofauti ya kujaa na kupwa Samui ni ndogo kuliko ile ya Paje na Jambiani, ambako bahari huondoka kabisa na kuwaachia wanawake mashamba ya mwani, lakini kanuni ya kukumbuka ni hiyohiyo: ufukwe wenye mwamba mbele yake na mteremko mdogo hauogeleki saa zote. Katika Ghuba ya Thailand kuna jambo la ziada, nalo ni kwamba usawa wa bahari hubadilika pia kwa msimu. Kaskazi hulundika maji ndani ya Ghuba na kusi huyasukuma nje, hivyo kati ya Mei na Septemba maji ya kupwa hushuka zaidi kuliko mwanzoni mwa mwaka. Mwisho wa kaskazini wa Chaweng, ulioko nyuma ya mwamba na kisiwa kidogo cha Koh Matlang, pamoja na sehemu kubwa ya pwani ya magharibi, huwa na maji ya magotini kwa mwendo mrefu. Hilo ni zuri kwa mtoto wa miaka mitatu na ni hasara kwa anayetaka kupiga mbizi. Maenam, Bophut na katikati ya Chaweng na Lamai hushuka kina mapema, na huogeleka karibu wakati wote bahari inapotulia.

Kwenye fukwe kadhaa utaona nguzo yenye chupa za siki. Zimewekwa kwa ajili ya konyeza wa aina ya sanduku, ambao pwani nyingine tungewaita yavuyavu, lakini hawa wana sumu kali na wamewahi kuua waogeleaji katika visiwa hivi. Matukio ni machache, na hayapaswi kumfukuza mtu baharini. Aliyeumwa amwagiwe siki nyingi mahali palipoumwa kwa angalau nusu dakika, asisuguliwe wala asioshwe kwa maji ya bomba, na apelekwe hospitali haraka. Fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu ni kinga nzuri, na pia hukinga jua.

Risoti, banda, vila

Sasa tunaweza kurudi kwenye ile bei iliyozidi mara thelathini. Nchini Thailand neno risoti halina daraja nyuma yake. Nyumba nne za mbao kando ya barabara zinaweza kuitwa risoti, na hoteli yenye wahudumu mia tatu pia. Kinachoitwa bangaloo ni nyumba ndogo inayosimama peke yake, sawa na tunachokiita banda katika hoteli za pwani yetu. Linaweza kuwa la mianzi na makuti, lenye feni na chandarua, kwa mamia ya baht, yaani fedha ya Thailand, kwa usiku, au la zege lenye kiyoyozi na bafu la mawe kwa maelfu. Vila kwa kawaida humaanisha nyumba nzima yenye jiko na bwawa lake, nyingi zikiwa vilimani, na bei yake hufika makumi ya maelfu ya baht. Kundi la marafiki sita likigawana vila huweza kulipa kidogo kuliko vyumba vitatu vya hoteli ya wastani, jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu kwa sababu neno vila limewatisha.

Maneno ya kupimia zaidi ni yale yanayoeleza chumba kilipo. Ili kuyaelewa, fikiria kiwanja cha hoteli cha Chaweng kilivyo: kirefu na chembamba, kikianzia barabarani na kuishia mchangani. Barabarani kuna duka la kubadilisha fedha, kibanda cha masaji na geti, kisha mapokezi, kisha majengo ya ghorofa mbili au tatu yenye vyumba vinavyoitwa vya kawaida, ambavyo husikia pikipiki usiku, kisha bustani yenye vyumba vya bustanini, kisha bwawa na mkahawa, na mwisho, mbele kabisa, mabanda machache yanayotazama maji. Hoteli nzima hujitangaza kuwa ya ufukweni, na ni kweli, lakini ni hayo mabanda machache tu unayoweza kufungua mlango na kukanyaga mchanga. Chumba chenye mandhari ya bahari kinaweza kuwa kilimani, kilomita mbili kutoka majini. Wenyeji husimulia kwamba viwanja hivi vya ufukweni zamani vilirithishwa kwa watoto waliopendelewa kidogo, kwa kuwa mchanga wenye chumvi haukuzaa kama mashamba ya minazi ya ndani, na leo ndivyo vyenye thamani kuliko ardhi yote ya kisiwa.

Ufukwe wenyewe haukuuzwa. Kwa sheria za Thailand sehemu inayofunikwa na kufunuliwa na maji ni mali ya umma, na hoteli inayotangaza ufukwe wa faragha ina maana kwamba njia ya kufika hapo inapita katika ardhi yake. Unaweza kulala kwenye chumba cha bei ya chini nyuma ya barabara, ukapita kwenye njia ya umma na kutandika mkeka mbele ya hoteli ya kifahari. Viti na miavuli ndivyo vyao. Mchanga unaolowa na maji si wao.

Hesabu ya bei nayo inahitaji jicho. Alama mbili za kujumlisha (++) zinazofuata bei zina maana kwamba bado kuna asilimia 10 ya huduma na asilimia 7 ya kodi ya ongezeko la thamani, na kodi hukokotolewa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa huduma. Chumba cha baht 1,000 kinakuwa 1,100, kisha 1,177. Kwa usiku saba wa chumba cha baht 4,000, nyongeza hiyo inakaribia baht 5,000, yaani zaidi ya gharama ya usiku mmoja mzima. Uliza daima kama bei ni ya mwisho.

Suala la sheria linawagusa wanaopanga nyumba za watu binafsi. Sheria ya Hoteli ya mwaka 2004 inahesabu upangishaji wa siku au wiki kuwa biashara ya hoteli inayohitaji kibali, isipokuwa nyumba ndogo zilizosajiliwa kwa utaratibu wake. Upangishaji wa mwezi mmoja na zaidi ndio usiohesabiwa kuwa biashara ya hoteli. Fleti inayotangazwa kwa usiku tatu katika jengo la makazi inaweza isiwe na kibali, na mgeni anaweza kuzuiwa na walinzi wa jengo baada ya kulipa. Usishtuke mwenye nyumba akikuomba picha ya pasipoti: sheria ya uhamiaji inamtaka atoe taarifa ya mgeni wa kigeni ndani ya saa 24. Kumpa picha ni sawa. Kumwachia mtu pasipoti yenyewe kama dhamana ya pikipiki si sawa.

Kisiwa kinategemea bara kwa umeme na kwa sehemu ya maji yake, kupitia nyaya na mabomba yaliyozamishwa baharini. Desemba 2012 nyaya ziliharibika na Samui ikakaa gizani kwa siku kadhaa. Maji huwa haba miaka ambayo mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa kidogo, na wanaohisi kwanza ni wa vila za juu vilimani, ambazo hununua maji kwa malori. Kabla ya kulipia vila, swali la jenereta na tangi la maji lina uzito kuliko swali la ukubwa wa televisheni.

Kupumzika kwenyewe

Masaji ya Kithai yamezungukwa na dhana potofu inayowafanya watu wenye heshima zao kuyakwepa. Ukandaji wa asili, unaoitwa nuad thai, uliingizwa na UNESCO mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na hufanyika mtu akiwa amevaa. Unaoshwa miguu, unapewa suruali na shati pana za pamba, unalala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, na mkandaji anaanzia nyayo, akipanda taratibu kwa gumba, kiganja, kiwiko na wakati mwingine goti, akikunja na kunyoosha viungo kama anayekufanyisha mazoezi wewe ukiwa umelegea. Mafuta hayatumiki, masaji ya mafuta ni huduma nyingine kwenye orodha ileile. Ikiwa nguvu imezidi, sema bao bao, naye atapunguza. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa na aliyeumia mgongo karibuni waseme mapema au waache. Tangu sheria ya mwaka 2016, maeneo ya spa na masaji yanatakiwa kuwa na leseni, na yanayofanya kazi yao vizuri huibandika mahali inapoonekana, pamoja na vyeti vya mafunzo vya wakandaji. Kibanda cha mianzi ufukweni, wazi pande zote, chenye kina mama watatu wa makamo, mara nyingi kinatoa kazi bora kuliko chumba cha mishumaa kinachotoza mara tano.

Kwa wanaotaka zaidi ya hapo, Samui ina vituo vya afya vinavyouza wiki nzima ya chakula maalumu, yoga, tiba na ukimya. Kamalaya, kilichofunguliwa mwaka 2005 huko Laem Set, kimejengwa kuzunguka pango ambalo watawa wa Kibuddha walilitumia zamani kwa kutafakari, na bei zake ni za juu. Vipo pia vituo vya watawa ambako mgeni hukaa kimya kwa siku kadhaa, huamka kabla ya alfajiri, hulala mahali pagumu na kuchangia anachoweza. Hivi viwili visichanganywe: cha kwanza ni hoteli yenye tiba, cha pili ni mahali pa ibada penye masharti yake, na anayekwenda huko kwa kutafuta chumba cha bei nafuu anawakosea wenyeji wake.

Kuhusu kelele, sherehe maarufu ya muziki ya usiku wa mwezi mpevu (Full Moon Party) haifanyiki Samui. Hufanyika Haad Rin, kwenye ncha ya kusini-mashariki ya Koh Phangan, na hata huko fukwe za kaskazini kama Thong Nai Pan hulala kwa amani. Athari yake kwa Samui ni boti na vyumba kujaa siku zinazozunguka mwezi mpevu, hasa Bang Rak na Bophut, kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Chakula halali kinapatikana, ingawa hakipo kila kona kama ilivyo Koh Lanta, ambako Waislamu ndio wengi. Wenyeji wengi wa Samui ni Wabuddha, na nyama ya nguruwe huingia hata kwenye mboga na supu. Hua Thanon una msikiti na soko la samaki, na vibanda vya wali na mchuzi vinavyoendeshwa na familia za Kiislamu. Kwingineko tafuta nembo ya kijani ya umbo la almasi yenye neno halali kwa Kiarabu, inayotolewa na baraza la Kiislamu la nchi hiyo. Kwa familia inayojali jambo hili, Lamai ni makao mazuri, kwa kuwa Hua Thanon uko karibu upande wa kusini.

Limebaki suala la kufika. Uwanja wa ndege wa Samui ni mali ya shirika binafsi, Bangkok Airways, na ndiyo sababu tiketi ya kutoka Bangkok ni ghali kuliko ya kwenda Phuket, ingawa mwendo ni wa karibu saa moja tu. Njia ya nafuu ni ndege au treni ya usiku hadi Surat Thani, basi hadi gati la Donsak, kisha feri ya takriban saa moja na nusu. Wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Na tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuingia kwa njia ya mtandao kabla ya kuwasili, bila malipo. Feri za Donsak husimama jioni. Anayetua Surat Thani alasiri, akachelewa kidogo kwenye mizigo, atalala bara, kwa hiyo chumba cha usiku wa kwanza ni salama zaidi kukichukua Surat Thani au Donsak, na kile cha Samui kianze siku inayofuata.